SURA NA SAUTI: WATAZAMAJI NA UKWELI WA FILAMU ZA HISTORIA YA KONGO NA UGANDA

Utangulizi

Picha ya Patrice Lumumba yajulikana karibu kwa kila mtu mzima wa Kivu ya Kaskazini: mwanamume mwembamba, miwani machoni, ndevu chache kidevuni, nywele zilizochanwa na kutengwa kwa njia upande mmoja. Kijana aliyezaliwa Musienene miaka 30 baada ya mauaji ya tarehe 17 Januari 1961 hakumwona Lumumba wala hakuisikia sauti yake redioni. Hata hivyo, mwigizaji akitokea kwenye kioo cha televisheni kwa jina hilo, kijana huyo atatoa hukumu papo hapo: anafanana, au hafanani. Hukumu hutangulia neno la kwanza la mchezo.

Makala hii inachunguza hukumu za namna hiyo, yaani maoni ya watazamaji juu ya uteuzi wa waigizaji na juu ya ukweli wa kihistoria katika michezo ya kuigiza inayohusu wakati uliopita. Maoni haya huchukuliwa mara nyingi kuwa porojo za baada ya kutazama. Inadaiwa hapa kwamba sivyo. Mtazamaji ana mizani yake, na mizani hiyo ina sehemu tatu: sura, tukio na lugha. Sehemu ya kwanza huzungumzwa sana, ya pili huzungumzwa na wasomi, na ya tatu husahauliwa na wengi, ingawa kwa mtazamaji wa Kiswahili ndiyo yenye uzito kuliko nyingine.

Mifano mikuu ni filamu ya Lumumba iliyoongozwa na Raoul Peck mwaka 2000, pamoja na filamu mbili zinazomhusu Idi Amin. Zilitengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Lakini katika miji isiyo na majumba hayo, kazi za namna hii huwafikia watu kwa televisheni, kwa mikanda ya video na baadaye kwa diski. Uteuzi wa mifano si wa bahati nasibu. Eneo la Butembo na Beni liko katikati ya historia hizo mbili: kwa upande mmoja Kinshasa na Lubumbashi, kwa upande wa pili mpaka wa Kasindi na njia ya Kampala.

Sura: nani ana haki ya kuwa nani?

Katika filamu ya Peck, Lumumba aliigizwa na Eriq Ebouaney, Mfaransa ambaye wazazi wake walitoka Kameruni. Joseph Kasavubu aliigizwa na Maka Kotto, mzaliwa wa Kameruni. Mobutu aliigizwa na Alex Descas, Mfaransa mwenye asili ya visiwa vya Karibea. Miongoni mwa Wakongomani alikuwamo Dieudonné Kabongo, mchekeshaji aliyeishi Ubelgiji, ambaye alipewa nafasi ya Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga. Mwongozaji mwenyewe ni raia wa Haiti.

Ipo hoja inayojitokeza kwa urahisi mbele ya orodha hiyo: je, katika nchi yenye mamilioni ya watu, hakupatikana Mkongomani wa kuvaa miwani ya Lumumba? Hoja hii haistahili kudharauliwa. Wenye kuitoa hawadai kwamba damu ndiyo hufanya mwigizaji awe hodari. Wanachodai ni kwamba taifa ambalo historia yake imesimuliwa na wengine kwa muda mrefu lina haki ya kujisimulia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa maoni ya watazamaji hao, sura ya kuazima nayo huacha wazi sehemu fulani ya aibu.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu pia. Kwanza, Peck hakuwa mgeni kamili. Wahaiti wengi walikuja Kongo mwanzoni mwa uhuru kufundisha na kushika kazi zilizoachwa na Wabelgiji. Baba yake alikuwa miongoni mwao, na Peck aliishi Léopoldville utotoni. Kabla ya filamu hii alikuwa amekwisha kutengeneza filamu ya kumbukumbu juu ya Lumumba mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pili, hali ya nchi ilizuia. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vinaendelea. Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi waliosaidiwa na Uganda. Filamu ikapigwa Zimbabwe na katika mji wa Beira, Msumbiji. Hapa historia ilifanya kejeli yake: Kongo ya mwaka 1960 ilijengwa upya kwa sehemu katika nchi ambayo wakati huo huo askari wake walikuwa wakipigana ndani ya Kongo.

Mfano wa Amin waonyesha kwamba suala la sura halimalizwi na uraia. Mwaka 1981, miaka miwili baada ya Amin kuangushwa, Sharad Patel alitoa filamu juu ya kuinuka na kuanguka kwake, iliyotengenezwa Kenya. Mhusika mkuu aliigizwa na Joseph Olita, Mkenya, aliyefanana na Amin kwa umbo na kwa uso kiasi kwamba alirudia nafasi hiyo katika filamu ya Mississippi Masala mwaka 1991. Kisha mwaka 2006 ikatoka The Last King of Scotland, iliyopigwa Uganda kwenyewe, na Amin akawa Forest Whitaker, Mmarekani, ambaye alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Hivyo Mkenya mwenye sura alicheza nje ya Uganda, na Mmarekani asiye na sura hiyo alicheza mjini Kampala, ambako walikuwapo watu waliomwona Amin kwa macho yao.

Anayesifu kufanana humtaja Olita. Anayesifu kuigiza humtaja Whitaker. Wote wawili wanazungumzia ukweli, lakini si ukweli mmoja. Wa kwanza anataka picha ya ukumbusho, wa pili anataka tabia ya mtu: kicheko kinachogeuka tishio katika sentensi moja. Ni kosa kusema kwamba mmoja wao hajui kutazama.

Tukio: aina tatu za kuiacha historia

Sehemu ya pili ya mizani ni tukio. Watazamaji husema kwa jumla kwamba filamu fulani imedanganya. Kauli hiyo inahitaji kugawanywa, maana kuna njia tatu tofauti za kuiacha historia.

Njia ya kwanza ni kufupisha. Lumumba alizaliwa Onalua tarehe 2 Julai 1925, akafanya kazi ya posta Stanleyville, akafungwa, akauza bia Léopoldville, akashiriki kuanzisha chama cha MNC Oktoba 1958, akawa waziri mkuu Juni 1960, akaondolewa Septemba, akakamatwa Desemba. Hakuna filamu ya saa mbili inayoweza kubeba hayo yote bila kuacha mengi. Mtazamaji mwenye busara husamehe ufupisho, mradi uhusiano wa sababu na matokeo usivunjwe.

Njia ya pili ni kubuni. The Last King of Scotland inatokana na riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na daktari kijana wa Kiskoti ambaye macho yake ndiyo yanayomwona Amin hakuwahi kuwapo. Filamu inamfanya awe mpenzi wa Kay, mke wa Amin, na kifo cha Kay kikawa adhabu ya mapenzi hayo. Kay Amin alikufa kweli mwaka 1974, na mwili wake ulipatikana umekatwakatwa; lakini mwanamume aliyehusishwa naye alikuwa daktari Mwafrika, Mganda. Badiliko hili si dogo. Mateso ya Mganda mwanamke na Mganda mwanamume yamegeuzwa kuwa sehemu ya safari ya mgeni. Lawama kama hiyo iliipata pia Shaka Zulu, mfululizo wa televisheni uliotolewa Afrika ya Kusini mwaka 1986 wakati wa ubaguzi wa rangi: Henry Cele alisifiwa sana kwa uigizaji wake wa Shaka, lakini mfalme huyo alisimuliwa kwa sehemu kubwa kupitia kwa wafanyabiashara Waingereza waliofika pwani ya Natal.

Njia ya tatu ni kunyamazisha. Katika filamu ya Peck mmoja wa wahusika ni Frank Carlucci, aliyekuwa mwanadiplomasia kijana katika ubalozi wa Marekani mjini Léopoldville, na ambaye baadaye alikuwa waziri wa ulinzi wa nchi yake kuanzia 1987 hadi 1989. Anaonyeshwa akiwapo katika kikao kinachozungumzia hatima ya Lumumba. Carlucci, ambaye alifariki mwaka 2018, alikanusha. Filamu iliporushwa na televisheni ya HBO mwaka 2002 kwa sauti za Kiingereza, jina lake lilifunikwa lisisikike. Hivyo watazamaji wa lugha mbili walipata historia mbili: katika moja mtu ana jina, katika nyingine ana uso tu.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba filamu daima huwa nyuma ya historia iliyoandikwa. Filamu ya Peck inaonyesha Wazungu wakifukua na kuiharibu miili ya Lumumba na wenzake, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kitabu cha Ludo De Witte kilichoeleza kwa kina dhima ya Wabelgiji kilitoka mwaka 1999; tume ya bunge la Ubelgiji ilitoa ripoti yake Novemba 2001, ikakiri kwamba baadhi ya viongozi wa Ubelgiji walikuwa na dhima ya kimaadili. Filamu ilisimama katikati ya tarehe hizo mbili. Ilisema hadharani jambo ambalo serikali ilikuwa bado haijalisema.

Lugha: ukweli usioonekana

Tufikie sasa sehemu ya tatu. Katika filamu ya Lumumba, Kifaransa ndicho kinachotawala. Je, hilo ni kosa la kihistoria? Jibu linategemea nani anazungumza, na nani, wapi.

Lumumba alizaliwa katika Kitetela. Aliishi Stanleyville zaidi ya miaka kumi, mji ambao Kiswahili kilifika na watu wa Tippu Tip tangu karne ya kumi na tisa, na ambako Lingala nacho kilikuwa na nafasi yake. Alizungumza Kifaransa, Kiswahili na Lingala. Mwaka 1954 alipata hati ya kuingizwa katika daraja la waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, na Kifaransa kilikuwa ufunguo wa daraja hilo. Mtu wa namna hiyo hakuwa na lugha moja ya maisha. Alichagua lugha kwa kila mlango alioingia, na kuchagua huko kulikuwa siasa. Filamu inayompa Kifaransa nyumbani, barazani, gerezani na bungeni inampa sura sahihi katika lugha isiyobadilika. Mtazamaji haoni tena pale ambapo mtu huyu alipanda ngazi na pale aliposhuka kwenda kwa watu wake.

Mfano mmoja watosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Katika hotuba ya tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Lumumba alilalamika, pamoja na mambo mengine, kwamba mtu mweusi aliitwa kwa kiwakilishi cha nafsi ya pili umoja, si kwa heshima kama rafiki, bali kwa sababu kiwakilishi cha wingi, chenye heshima, kiliwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Katika hotuba mashuhuri kuliko zote za uhuru wa Kongo mna lalamiko la kisarufi. Sasa na litafsiriwe kwa Kiswahili sanifu. Neno «wewe» halina tusi lolote. Mtoto humwambia mama yake «wewe» bila kumvunjia heshima, mradi ametanguliza «mama». Mtazamaji anayepata hotuba hiyo kwa Kiswahili neno kwa neno atajiuliza waziri mkuu analalamikia nini.

Tusi la kikoloni kwa Kiswahili lilikuwa mahali pengine. Lilikuwa katika amri kavu isiyotanguliwa na «mzee» wala «baba». Lilikuwa katika kumwita mtu mwenye wajukuu «boi». Mwandishi wa mchezo anayetaka ukweli hana budi kulitafuta tusi pale lilipokaa katika lugha ya wasikilizaji wake. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mshonaji wa maleba wala na mtafutaji wa magari ya zamani. Ni kazi ya mwanaisimu.

Kwa upande wa Amin, suala hugeuka. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu siku za King's African Rifles, na mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Kwa wakazi wengi wa Kampala wa miaka hiyo, Kiswahili kilikuwa sauti ya kambi na ya kizuizi cha barabarani. Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi yake, na kwa jambo hilo aliheshimu historia kuliko wengi. Lakini mtazamaji wa Beni hasikii kilichosikiwa na mtu wa Kampala. Kwake Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa, ya jirani asiyejua Kinande. Kinachofanya kazi ya kutisha masikioni mwake ni Lingala, ambacho kilikuwa lugha ya amri katika Force Publique na kikaendelea katika majeshi yaliyofuata. Kwa hiyo askari akizungumza Lingala katika filamu ya Lumumba, mzee wa Lubero huketi wima kabla hajaelewa maneno. Lugha ni ile ile, masikio si yale yale.

Yafaa kuongeza kwamba mzee huyo ana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1964 waasi wa Simba, waliolitumia jina la Lumumba kama kinga na kama bendera, walifika hadi sehemu hizi. Jina lao ni la Kiswahili. Kwa baadhi ya familia jina la Lumumba lilifika kijijini likiwa limeshikwa na watu wenye mikuki. Mwenye kovu usidhani kapoa: hukumu yake juu ya mwigizaji inabeba mambo ambayo filamu haikuyagusa.

Mizani nyingine: mfano wa Lubumbashi

Pengine itadhaniwa kwamba watazamaji wetu wanadai usahihi mkavu wa kila kitu. Mfano wa Lubumbashi wakanusha dhana hiyo.

Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja, akazieleza kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Kifo cha Lumumba alikichora kama Kalvari, pamoja na misalaba mitatu. Hakuna shahidi aliyewahi kusema kwamba palikuwa na misalaba. Hata hivyo hakuna anayeitazama picha ile akasema mchoraji amedanganya, kwa sababu mchoraji hakuahidi kuonyesha mahali. Aliahidi kuonyesha maana. Watu watatu waliuawa, mmoja wao akiwa ndiye aliyetafutwa: msomaji wa Injili anaelewa mara moja.

Mfano wa pili ni kundi la maigizo la Mufwankolo, ambalo michezo yake ya Kiswahili ilijulikana Shaba kwa njia ya televisheni. Mwaka 1986 kundi hilo lilitunga mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa yote mazima, ukarekodiwa kwa televisheni. Wahusika ni mtemi na watu wake, katika kijiji cha mila. Lakini wanazungumza Kiswahili cha mjini, chenye «batu» mahali pa «watu». Kwa kipimo cha mwanahistoria, kijiji kile kingezungumza lugha nyingine. Kwa kipimo cha hadhira, Kiswahili kile ndicho kilichowaruhusu kumtambua mtemi wao wa kila siku chini ya ngozi na manyoya.

Mifano hii miwili yafundisha kwamba ukweli katika maigizo ni ahadi. Mtazamaji hauzi kila kosa kwa bei moja. Anauliza kwanza: mlituahidi nini? Filamu inayotumia majina halisi na tarehe halisi imeahidi mengi, na itadaiwa mengi. Mchezo wa Mufwankolo uliahidi kidogo kuhusu zamani na mengi kuhusu mamlaka, nao ukalipa deni lake.

Watazamaji, aidha, hawangoji kulipwa. Uganda na Tanzania zimekuwa na wafasiri wanaosimulia filamu za kigeni kwa sauti juu ya sauti ya asili, kwa Kiganda huko Kampala, kwa Kiswahili huko Dar es Salaam, ambako msimuliaji Lufufu alipata umaarufu mkubwa. Msimuliaji hutafsiri, hufafanua, hukejeli na wakati mwingine humsahihisha mwongozaji. Wasomi wengine huona huo ni uharibifu wa kazi ya sanaa. Lakini katika mtazamo wa fasihi simulizi, fanani huyo anairudishia hadhira sehemu ya tatu ya mizani iliyonyimwa, yaani lugha.

Hitimisho

Mwezi Juni 2022 Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino moja, masalio pekee yanayojulikana ya mwili wake, nalo likazungushwa nchini, likiwamo Kisangani na Lubumbashi, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Watu waliomsikia wakiwa watu wazima ni wachache sasa, na kila mwaka wanapungua. Kizazi kinachofuata kitampata Lumumba katika sura ya mwigizaji fulani na katika lugha aliyopewa na mwandishi wa mchezo. Hilo haliepukiki, wala si baya kwa lenyewe. Baya ni kuliacha litokee bila kulichunguza.

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba ugomvi juu ya nani anafaa kuigiza nani una maana, ila hauishii usoni. Mkongomani aliyepewa nafasi ya Lumumba na kuandikiwa Kifaransa kitupu atakuwa ameleta sura na kuiacha sauti nyuma. Mgeni aliyefundishwa lini waziri mkuu alihamia Kiswahili, na kwa nini, aweza kuwa karibu zaidi na historia. Bora ni kuyapata yote mawili, na hakuna sababu ya kuyakosa.

Kwa idara za Kiswahili za vyuo vya mashariki mwa Kongo pana kazi mbili za kufanya mapema. Ya kwanza ni kurekodi, katika Butembo, Beni, Lubero na vijiji kama Musienene, maneno ya wazee wanapotazama filamu hizi: wanapokataa, wanapocheka, wanaposema «hapana, haikuwa hivyo», na namna wanavyoendelea baada ya hapo. Yaandikwe kwa Kiswahili chao wenyewe, bila kusanifishwa. Ya pili ni kuandaa wanafunzi wanaoweza kuandika mazungumzo ya mwaka 1960 jinsi yalivyosemwa, kila mtu kwa lugha yake na kwa mlango wake. Mwongozaji atakayekuja kesho kutafuta miwani ya Lumumba ataipata sokoni. Maneno atayakosa, yasipohifadhiwa sasa.